Muulize Mwenye Gari: Kwa Nini?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wamiliki wa magari yaliyofanyiwa marekebisho, mafundi na familia zao. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu zangu wapenzi wa magari, mafundi wetu mliokuja na mafuta bado kwenye kucha, wake na waume na watoto mliovumilia kelele za gereji mwaka baada ya mwaka, nawasalimu nyote.

Kabla ya kupanda hapa nimepita kwenye safu za magari huko nje, na nimesikiliza mnavyozungumza. Injini ni ya ngapi? Rimu inchi ngapi? Turbo umeipata wapi? Rangi imekula kiasi gani? Ni maswali mazuri, na mimi pia huyauliza. Lakini sikumsikia mtu akimuuliza mwenzake: kwa nini? Kwa nini umechagua gari hili na si lingine? Kwa nini umelishusha? Kwa nini bodi nzima imepigwa rangi mpya, halafu mlango mmoja umeachwa na rangi yake ya zamani?

Nimekuja na ombi moja tu. Tuanze kuuliza swali hilo, na majibu yake tuyaandike.

Gari linalotoka kiwandani lina historia ya kiwanda, nayo imehifadhiwa vizuri: ipo kwenye namba ya chesisi, ipo kwenye vitabu, ipo kwenye kumbukumbu za kampuni. Gari lililokatwa, likachomelewa na kupakwa upya kwa mikono ya watu lina historia ya watu hao. Hiyo haimo kwenye kadi ya gari. Imo kichwani mwa mwenyewe, na akiondoka huondoka nayo.

Acheni niwapeleke Chimayó, kijiji cha kaskazini mwa jimbo la New Mexico, Marekani. Kijana mmoja wa huko, David Jaramillo, alikuwa na Ford LTD ya mwaka 1969. Katika miaka ya 1970 akaanza kuigeuza iwe lowrider, yaani gari linaloshushwa hadi likaribie kugusa barabara, likapambwa, likaendeshwa polepole ili watu walione vizuri. Kumbukeni LTD ilikuwa gari gani: gari kubwa la familia, la kwenda kazini na sokoni. Ford ilitengeneza LTD nyingi mno. Hakuna aliyekuwa akigeuka barabarani kuitazama.

Mwaka 1978, kazi ikiwa haijakamilika, David akafariki katika ajali ya barabarani.

Sasa niambieni ninyi mafundi. Gari lililoachwa nusu ya kazi lina bei gani? Mnajua jibu. Lina bei ndogo kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Anayenunua haoni ndoto ya mtu, anaona gharama. Familia ile ingeweza kuliuza kwa bei ya chuma chakavu na hakuna ambaye angewalaumu, maana walikuwa wafiwa.

Hawakuliuza. Mkewe Irene na ndugu zake wakaendelea na kazi pale alipoishia, mpaka gari likakamilika, na likaitwa Dave's Dream, Ndoto ya Dave. Mwaka 1990 taasisi ya Smithsonian, inayosimamia makumbusho ya taifa ya Marekani, ikalinunua. Leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani.

Makumbusho hayo yangeweza kutafuta LTD ya mwaka 1969 ambayo haijaguswa hata skrubu moja. Zilikuwepo. Kwa nini wakachukua hii? Kwa sababu hii ina maelezo. Inajulikana nani aliianza, kwa nini alikufa kabla ya kuimaliza, nani aliimaliza, na walimfikiria nani wakati wanaimaliza. Ondoa maelezo hayo, inabaki Ford kuukuu iliyoshushwa.

Kuna ambao watasema: huyo alikuwa na msiba, mimi nimelipamba langu kwa sababu linanipendeza tu. Je, ni kweli? Nawaomba mjichunguze. Ukimkalisha mtu chini na kumwuliza kwa utulivu mara ya pili na ya tatu, mara nyingi "linanipendeza tu" hufunguka. Anakumbuka gari la mjomba wake. Anakumbuka kwamba alianza mwezi ule alipopoteza kazi, kwa sababu alihitaji kitu cha kushika kila asubuhi. Anakumbuka kwamba rangi ile ni ya gauni alilovaa mkewe siku walipokutana. Mtu hatumii usiku wake wote kwa miaka kadhaa juu ya kitu kisicho na sababu. Sababu ipo, ila hajawahi kuulizwa.

Na wakati mwingine sababu ni kwamba mtu ameambiwa hapana.

Miongoni mwa vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko katika jimbo la California, kushusha gari ilikuwa mtindo wao tangu zamani. Mwaka 1958 ikaanza kutumika sheria ya jimbo iliyokataza gari lililorekebishwa kutembea barabarani ikiwa sehemu yake yoyote iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Polisi wakawa na la kufanya. Gari likishushwa, faini. Vijana wangefanyaje? Kulinyanyua tena moja kwa moja na kusahau?

Mwaka 1959 fundi kijana aitwaye Ron Aguirre akachukua pampu na vali za haidroliki, yaani mfumo wa kunyanyua vitu kwa shinikizo la mafuta, zilizotoka kwenye ndege, akazifunga kwenye Chevrolet Corvette yake, gari lililokuja kujulikana kama X-Sonic. Akibonyeza swichi, gari linashuka. Akiona polisi, anabonyeza tena, gari linapanda hadi kimo cha kisheria. Leo tunapoona gari linarukaruka kwa magurudumu ya mbele na umati unapiga makelele ya furaha, tujue ule mchezo umetokana na faini. Watu wengi wanaofunga haidroliki hawajui hilo, na nadhani wangefunga kwa heshima zaidi wangelijua.

Katika jamii hiyo hiyo, jijini Los Angeles, alikuwepo Jesse Valadez, wa klabu ya lowrider iitwayo Imperials. Alikuwa na Chevrolet Impala iliyochorwa maua ya waridi, akaiita Gypsy Rose. Kundi pinzani likaipiga mawe ikaharibika. Fikirini hapo. Kazi yote ile, kila ua limechorwa kwa mkono, na inavunjwa na watu ambao pengine wangeielewa kuliko mtu mwingine yeyote! Valadez akachukua Impala nyingine, ya mwaka 1964, na maua yakachorwa upya, mengi kuliko ya kwanza, kwa mkono wa mchoraji Walt Prey. Ndiyo Gypsy Rose inayojulikana leo. Mwaka 2017 iliwekwa ndani ya sanduku kubwa la kioo katikati ya jiji la Washington, kwenye uwanja wa National Mall, ikaingizwa katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria. Valadez alikuwa ameshafariki, lakini familia yake ilikuwa imelitunza.

Na ile sheria? Ilidumu zaidi ya miaka 60. Imeondolewa na sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, iliyofuta pia marufuku za miji dhidi ya kuendesha magari polepole kwa maonyesho. Waliobadilisha mawazo ya wabunge hawakwenda na hesabu za nguvu za injini. Walikwenda na hadithi za familia zao.

Nitaje jambo ambalo linaniumiza, na mafundi mnisikilize.

Mwaka 1952 kijana mmoja, Bob Hirohata, alipeleka gari lake aina ya Mercury, la mwaka 1951, kwenye karakana ya ndugu wawili, George na Sam Barris. Walikata paa lake, wakalishusha, wakaondoa nguzo za katikati, wakalipaka kijani cha aina mbili. Matokeo yake yanaitwa hadi leo Hirohata Merc, na wapo wengi wanaoamini kwamba hakuna Mercury iliyobadilishwa vizuri zaidi.

Ukimtaja Barris, kila mtu anamfikiria George. Alikuwa hodari wa kupiga picha, kuandika na kujitangaza, na baadaye akatengeneza magari ya televisheni yaliyompa jina duniani. Sitaki kumpunguzia. Lakini aliyekuwa bingwa wa chuma ni Sam. Sam ndiye aliyejua kukata paa la Mercury, na kulikata paa hilo si kazi ya kukata tu: ukilishusha, kioo cha nyuma hakikai tena, mteremko wa nyuma unakataa kuungana, na kila mstari unapaswa kutafutwa upya. Sam alifariki mwaka 1967, angali kijana. Ni wangapi hapa mliwahi kulisikia jina lake? Inueni mikono tuone.

Mnaona.

Na huyo ana bahati, angalau jina lake lipo vitabuni. Vipi kuhusu aliyechomelea chesisi yako wewe? Vipi kuhusu kijana aliyesugua puti, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bodi, kwa msasa siku nne ili rangi ikae kama kioo? Tunasimama mbele ya gari kupigwa picha na tunasema "nimelijenga mwenyewe." Ndugu yangu, umelijenga mwenyewe kweli? Mshonaji wa viti yuko wapi katika hiyo sentensi? Fundi umeme aliyelala chini ya dashibodi mpaka shingo ikakakamaa yuko wapi? Kumtaja fundi hakumpunguzii mwenye gari hata chembe. Kutomtaja ni dhuluma.

Hirohata Merc ina somo jingine. Baada ya Hirohata kuliuza lilipita mikono kadhaa, likashuka hadhi, likaishia kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Mwaka 1959 kijana mdogo aitwaye Jim McNiel akalinunua kwa dola 500. Akaliendesha, kisha akaliweka. Miaka ikapita, watu wakadhani limepotea. Mitindo ilibadilika mara ngapi katika muda huo? Angeweza kulinyanyua, kulipaka rangi ya wakati ule, kung'oa vitu na kuviuza kimoja kimoja. Alilitunza, na baadaye akalirudisha katika hali aliyoitaka Hirohata. Mwaka 2022, baada ya McNiel kufariki, liliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.9. Siwatajii bei hiyo ili mkaweke magari ndani mkisubiri utajiri, maana kwa magari yetu mengi siku hiyo haitafika. Naitaja kwa sababu ya wale wanaonunua gari la mtu na siku ya kwanza wanaanza kufuta. Wanasema wanalirudisha "kama lilivyotoka kiwandani," na wanajiona wameliokoa. Kabla hujang'oa kitu, mpigie simu aliyekuuzia. Muulize kile kitufe cha ajabu kando ya usukani kiliwekwa kwa ajili gani. Ukishajua, ng'oa ukitaka, ni mali yako. Ila ujue unachong'oa.

Kuhusu usalama nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mnayajua. Springi inayochomwa kwa moto wa gesi ili gari lishuke haraka hupoteza ugumu wake. Italegea au itavunjika, na haitachagua siku. Ukiongeza nguvu ya injini bila kugusa breki, umefanya nusu ya kazi, tena nusu isiyofaa. Nimemaliza.

Sasa nifike kwenye magari ambayo tangu mwanzo nilitaka kuyazungumzia.

Tarehe 15 Septemba 2001, kwenye uwanja wa mbio wa Lausitzring nchini Ujerumani, dereva Mwitaliano Alex Zanardi alipata ajali akapoteza miguu yote miwili. Zilikuwa zimebaki raundi 13 mbio ziishe. Mei 2003 alirudi kwenye uwanja ule ule, ndani ya gari la mbio lililowekewa vifaa vya kuendeshea kwa mikono, akazikimbia zile raundi 13. Hakuna aliyekuwa akishindana naye siku hiyo. Baadaye aliendesha BMW iliyorekebishwa kwa ajili yake: mafuta aliyabonyeza kwa pete iliyofungwa kwenye usukani, breki aliikanyaga kwa mguu wa bandia. Mwaka 2005 alishinda mbio za ubingwa wa dunia wa magari ya aina hiyo kule Oschersleben, dhidi ya madereva wenye miguu miwili.

Sam Schmidt, dereva Mmarekani, alipooza kuanzia shingoni kushuka chini baada ya ajali ya majaribio huko Florida, Januari 2000. Mwaka 2014 aliendesha tena kwenye uwanja wa Indianapolis. Gari lake, Chevrolet Corvette, lilifanyiwa kazi na wahandisi wa kampuni ya Arrow Electronics. Kamera ndani ya gari zilifuata vitambuzi vilivyowekwa kwenye kofia yake. Akigeuza kichwa kulia, gari linakwenda kulia. Breki alizishika kwa kuuma kifaa kilichokuwa mdomoni. Mwaka 2016 jimbo la Nevada likampa leseni maalumu ya kuliendesha barabarani.

Hao ni mashuhuri na walikuwa na makampuni nyuma yao. Lakini marekebisho ya namna hii yamo kwenye magari ya kawaida kabisa. Kwa wasiojua, kifaa cha kawaida ni wenzo mmoja kando ya usukani, umeunganishwa kwa vyuma na pedeli za chini. Ukiusukuma mbele, unafunga breki. Ukiuvuta au kuuzungusha, kwa kutegemea aina yake, gari linaongeza mwendo. Mkono wa pili unashika kirungu kilichofungwa kwenye usukani ili mtu aweze kukata kona kwa mkono mmoja. Hakuna rangi ya kung'aa hapo. Haina sauti. Mpita njia haioni.

Lipo gari la namna hiyo hapa leo. Nimelikuta limeegeshwa nyuma kabisa, karibu na geti, mbali na safu zetu. Nimemuuliza mwenyewe kwa nini hakulileta mbele. Akanijibu kwamba alidhani maonyesho ni ya magari yaliyobadilishwa.

Jamani! Ni gari gani hapa limebadilishwa kuliko lile? Ni nani hapa ambaye marekebisho yake yanambeba kama yale yanavyombeba yeye? Sisi tukiondoa rimu zetu tunarudi nyumbani na rimu nyingine. Yeye ukiondoa wenzo ule, harudi. Kama mtu kama huyo ameona kwamba safu zetu hazimhusu, basi sisi ndio tuliomwonyesha hivyo, kwa miaka mingi ya kuuliza injini na rimu peke yake.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi, na tuanze leo. Pale mlangoni kuna madaftari, kila gari moja. Si ya risiti. Risiti zenu kaeni nazo. Ukurasa wa kwanza andika kwa nini: sentensi mbili zinatosha, na kama huwezi kuandika, mwambie mwanao aandike wewe ukisimulia. Kisha andika jina la kila fundi aliyeligusa gari na alichokifanya. Bandika picha za chuma kikiwa wazi, kabla ya puti, kwa sababu baada ya rangi hakuna atakayejua palipochomelewa. Andika namba ya rangi na namna ilivyochanganywa. Fundi umeme akuchoree nyaya alizoongeza, hata kwa kalamu ya risasi. Na ukimpa mtu gari, umpe na daftari. Ukiliuza kwa mtu asiyelitaka daftari, baki nalo wewe.

Wazee mnaosema hamkumbuki tarehe, msijali tarehe. Andikeni mnachokumbuka.

Sasa tutoke nje. Tumebadilisha utaratibu wa mchana, na kamati imekubali. Hatutapita tukipiga kura kwanza. Tutasimama mbele ya gari moja moja, mwenye gari na fundi wake watakuwa na dakika tano, na swali la kwanza litakuwa lile lile kwa wote. Maswali ya injini yatafuata baadaye. Tunaanzia kwenye geti, kwa ndugu yetu niliyemtaja. Ameniruhusu kusema hivyo, na amesema atakayetaka kukaa kwenye kiti chake na kujaribu ule wenzo gari likiwa limezimwa, anakaribishwa. Vijana wa usalama, tafadhali sogezeni zile kamba ili tupite.